Asilimia Mia, na Binti Yetu Hayumo

Shangazi mpendwa, shikamoo. Miaka yote nimekuwa nikiusoma ukurasa wako nikiwa kwenye cherehani yangu na kuwacheka kidogo wanaokuandikia, nikijiuliza watu hawa wanayatoa wapi mambo haya, kumbe na mimi zamu yangu ilikuwa njiani, na leo nimeshika kalamu na sina hata wa kumweleza, maana dada yangu nikimweleza atampigia mume wangu simu amtukane, na mama mkwe nikimweleza atasema mimi ndiye niliyemharibu mtoto.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni mkuu wa shule ya sekondari, shule ya kutwa, na tuna binti mmoja ambaye tangu utotoni tunamwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, anaongea akila, anaongea akiogeshwa, anaongea mpaka usingizi umkatize katikati ya sentensi. Mume wangu alipohamishiwa shule hiyo ilikuwa inashika mkia, zaidi ya nusu ya kidato cha nne walikuwa wanafeli, na wazazi wenye uwezo walikuwa wanawatoa watoto wao mbio mbio kana kwamba pale pana ugonjwa wa kuambukiza. Yeye akaingia na takwimu zake. Akachora chati kubwa ya ufaulu akaibandika ofisini, nyingine akaibandika sebuleni kwetu juu ya televisheni, mstari mwekundu wa wavulana na wa bluu wa wasichana, na mezani badala ya kuongea mambo ya nyumbani tukawa tunaelezwa wasichana wamepanda kwa kiasi gani kwenye hisabati, mpaka nikizidisha chumvi anasema imepanda kwa asilimia kumi, tunacheka. Wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Asilimia na mwenyewe akalipenda. Sikuona ubaya wowote, Shangazi, nilimwonea fahari, maana alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuwafundisha wale wazito wa kuelewa, na matokeo kweli yalikuwa yanapanda mwaka hadi mwaka.

Kisha likatoka tangazo kwamba shule yoyote itakayofaulisha zaidi ya watoto tisini katika kila mia itajengewa maabara mpya. Ungeiona ile waliyonayo ungelia. Bomba la maji limekauka, darubini ni moja na kioo chake kina ufa, watoto wanapanga mstari kwenda kuchungulia ufa. Tangu siku ile mume wangu hakula vizuri wala hakulala vizuri, kila kitu kikawa maabara, maabara, maabara.

Basi siku ya matokeo nilikuwa nashona, redio iko pembeni, msomaji wa habari akasoma ufaulu wa nchi nzima, akasoma wa wavulana na wa wasichana, akasema bajeti ya elimu imeongezwa lakini ufaulu wa sayansi bado uko chini, halafu akafika kwenye shule zilizopanda kuliko zote, na ya kwanza aliyoitaja ilikuwa ya mume wangu, akasema wamefaulu wote, asilimia mia, hakuna hata mmoja aliyeanguka. Niliruka nikajichoma sindano. Sikufunga hata mlango, nilitoka mbio utepe wa kupimia ukiwa shingoni, nikafika shuleni nikakuta vigelegele, ngoma za ndoo, mume wangu amebebwa juu juu na wanafunzi, tai imegeukia mgongoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ofisi walipobandika majina, nikamtafuta mwanangu.

Nilisoma kutoka juu mpaka chini. Nikarudia. Pembeni yangu alikuwa mteja wangu mmoja anayeuza viatu sokoni, sisi tunamwita Mama Viatu, naye anamtafuta wa kwake, kijana mmoja anayeitwa Mrefu kwa sababu ya kimo chake. Naye akarudia.

"Wako umemwona?" akaniuliza.

"Bado."

"Na wangu simwoni. Mwaka huu watoto walikuwa wengi, wangu na wenzake waliambiwa ukumbi umejaa, wakapelekwa kufanyia kituo cha jirani, labda majina yao yako kwingine." Kisha akacheka, akanipiga bega. "Lakini kama na wako hayumo, basi ni kosa la mashine. Mtoto wa mkuu wa shule akosekane kwenye shule ya baba yake?"

Nikacheka naye. Shangazi, nilicheka! Nikapenya katikati ya watu, nikamshika mume wangu mguu akiwa bado huko juu, nikamwambia jina la Chiriku silioni. Alinitazama, na uso wake ukanyauka wakati wale waliombeba bado wanaimba. Akasema, "Niteremsheni." Akaniambia, "Twende ofisini."

Akafunga mlango. Nje wanaimba jina lake, ndani ananieleza kama mtu anayesoma ripoti. Kwamba walipofanya mtihani wa majaribio, watoto tisa walipata chini ya mstari aliouweka. Kwamba hao tisa aliwatoa kwenye usajili wa shule akawaandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea katika kile kituo cha elimu ya watu wazima, ili wakianguka wasianguke na shule. Kwamba ukumbi haukujaa, hilo lilikuwa neno la kuwaambia wazazi.

"Mtihani ni ule ule," akasema. "Cheti ni kile kile. Kinachotofautiana ni namba ya kituo tu."

"Na mwanangu?"

"Alikuwa chini ya mstari."

"Nakuuliza, na mwanangu?"

"Sasa ulitaka nifanyeje, mama Chiriku? Niwatoe wa watu nimbakize wa kwangu? Ningekuwa mtu wa namna gani mimi?"

Hilo alilisema kifua mbele. Alikuwa anajisifu. Alikuwa ananionyesha haki yake. Akaongeza kwamba alimkataza Chiriku asiniambie kwa kuwa ningelia, na kilio changu kingemvuruga mtoto wakati wa mtihani.

Nikamwambia sawa, nionyeshe basi amepata nini huko ulikompeleka. Shangazi, hakuwa ametazama! Alikuwa anajua kila mtoto wa shule yake amepata nini kwenye kila somo, ila wa kwake alikuwa hajamtazama, eti shughuli zilikuwa nyingi. Akatoa simu, akakitafuta kile kituo, akateremka mpaka jina la binti yetu, na mbele ya jina hilo, somo kwa somo, kumeandikwa hakuhudhuria, hakuhudhuria, hakuhudhuria. Simu ilimponyoka mkononi. Akawa anasema peke yake, "Haiwezekani, nilimshusha mwenyewe pale getini kila asubuhi, haiwezekani."

Tulimkuta nyumbani, anakunja nguo. Wala hakushtuka. Alitutazama kama mtu aliyekuwa akitusubiri kwa siku nyingi. Baba yake akauliza kwa ukali, na yeye akajibu polepole. Siku ya kwanza aliingia kweli kwenye kile kituo. Humo ndani kulikuwa na watu wazima, mwanamke ana mtoto mgongoni, askari, mzee mwenye miwani, wenzake wanane walikuwa wamepangiwa chumba kingine, na yeye ndiye pekee aliyevaa sare ya shule, kwa sababu mimi mwenyewe niliipiga pasi usiku nikidhani anaenda shuleni kwao. Msimamizi akamuuliza mbele ya wote, "Wewe binti, sare hiyo ina kituo chake. Huko wamekufukuza?" Watu wakageuka. Akatoka, na hakurudi tena.

"Ulikuwa unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Hospitali."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Pale hawakuulizi unasubiri nini."

Siku zote za mtihani, Shangazi. Mwanangu amekaa kwenye benchi la wagonjwa na sare yake na kalamu zake, watu wakidhani amesindikiza mgonjwa, mpaka muuguzi mmoja akamzoea akawa anamuuliza, mama yako anaendeleaje? Naye anajibu, anaendelea vizuri.

Nikamuuliza kwa kilio kwa nini hakutuambia. Akasema, "Wewe nilikatazwa kukwambia. Na baba hakuniuliza. Kila siku jioni nilikuwa nimejiandaa na uongo wa kumwambia jinsi mtihani ulivyokuwa, lakini hakuniuliza hata siku moja. Uongo wangu ukanibakia."

Baba yake alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi nilidhani amevunjika na kwamba sasa atarekebisha, lakini kulipokucha akavaa tai akaenda kazini kama kawaida, na jioni nilipomuuliza tunafanyaje akasema jambo la Chiriku ni letu la ndani na tutalimaliza ndani. Jumamosi ijayo afisa elimu anakuja na kombe, tena zipo fununu kwamba mume wangu atapandishwa awe msimamizi wa shule zote za kanda hii, awafundishe wakuu wenzake alifanyaje. Nikimwambia wale wazazi wanane wengine waelezwe, anasema, "Ukifungua mdomo maabara inaondoka. Watoto mia tano wakose maabara kwa ajili ya watoto tisa? Piga hesabu mwenyewe." Na mimi nikiipiga hiyo hesabu, Shangazi, naiona kama ina ukweli, halafu namtazama Chiriku, ambaye siku hizi haongei, anajibu ndiyo na hapana kama mtu wa benki, na hesabu yote inanitoka.

La kunimaliza ni juzi. Mama Viatu alikuja kupimwa gauni la kuvaa Jumamosi hiyo hiyo. Mwanawe amefeli huko kituoni. Ananiambia, "Fundi, wako najua mashine imemrudisha, shule nzima imefaulu, asilimia mia, wa kwangu peke yake ndiye kaanguka. Shule nzima! Nimemwambia nimezaa gogo. Sasa anashinda nyuma ya nyumba, hata chakula anasubiri mpaka nitoke." Nilikuwa nimebana pini mdomoni, na nilimshukuru Mungu kwa zile pini.

Nifanye nini? Nikisema nitaivunja nyumba yangu na kuinyang'anya shule maabara. Nikinyamaza nitakaa mstari wa mbele Jumamosi nampigia makofi mume wangu. Nisaidie kabla sijapasuka.

Ni mimi, Mke wa Mkuu wa Shule.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Mke wa Mkuu wa Shule, marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nilipofika kwenye benchi la hospitali nikatafuta kiti. Kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu, nimeandikiwa na walioibiwa wachumba na waliolishwa sumu na mawifi, na bado hii imeniacha mdomo wazi. Pole sana. Sasa futa machozi, maana nina maneno na wewe.

Umenijazia kurasa kadhaa. Mumeo yumo kila mahali, maabara imo, kombe limo, afisa elimu yumo. Binti yako umemwuliza maswali mangapi tangu siku ile? Mawili, matatu, tena yote ya kumhoji, ulikwenda wapi, kwa nini hukusema. Baba hakumwuliza mtihani ulikuwaje, nawe hujamwuliza yeye yukoje. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini amenyamaza ndani ya nyumba yako, na wewe unaniuliza habari za Jumamosi! Kaa naye leo. Usimhubirie, wala usimwambie baba yake alikuwa na nia njema. Mwache aseme. Akinyamaza, nyamaza naye, lakini usiondoke.

Pili, hiyo hesabu ya watoto mia tano na watoto tisa. Usiipige, ni ya uongo. Hakuna aliyesema watoto tisa wakiambiwa kweli maabara inabomoka. Daktari akiwatoa mahututi kwa mlango wa nyuma kisha akatangaza kwamba wodini kwake hafi mtu, utampa kombe? Mtu akikwambia asilimia mia, muulize mia ya nani. Wanaogawa fedha za elimu hawawajui watoto wetu, wanajua namba tunazowapa. Tukiwapa namba iliyonyolewa, watapeleka walimu na vitabu mahali pengine wakiamini hapa mambo yamenyooka, na mtoto mzito wa kuelewa, ambaye ndiye hasa anayehitaji mwalimu wa ziada, ataonekana hayupo duniani. Na huyo msimamizi mpya wa kanda atawafundisha wenzake nini? Kunyoa.

Tatu, haki ya mumeo. Nimeisoma mara mbili ile kauli yake, niwatoe wa watu nimbakize wa kwangu. Naiamini. Naamini si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mtu mbaya angemlinda wa kwake na tungemjua mara moja. Yeye amewadhulumu watoto wote tisa sawasawa akadhani usawa huo ndio haki. Mwambie hivyo kwa niaba yangu. Kama ana hamu ya kubishana, aniandikie.

Na wewe sasa. Mwanamke mwenzako amesimama mbele yako anasema amezaa gogo, wewe unajua kweli, na unashukuru pini! Nakuelewa, ulishtuka, ila pini zimekwisha. Kila siku unayokaa kimya, kijana yule anakula peke yake nyuma ya nyumba kwa kosa ambalo wewe unamjua mwenyewe wake na mama yake hamjui.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mumeo unakwenda kwa Mama Viatu kabla ya Jumamosi, na kwamba mlango uko wazi mwende pamoja. Akikataa nenda peke yako, kwa miguu yako, usitumie simu. Jumamosi usiende kumpigia makofi, na pia usiende kunyakua kipaza sauti. Ukimwaibisha jukwaani atajitetea, na akishajitetea mbele ya watu hatarudi nyuma tena. Wazazi wote wa watoto hao wanatakiwa wayasikie kwa mdomo wake, wakiwa wamekaa, mahali ambapo wanaweza kuuliza maswali. Tafuta mahali hapo, hata kama ni sebule yako. Kisha yeye mwenyewe apeleke namba kamili kwa afisa elimu kabla wengine hawajampelekea. Ndoa usiiguse kwa sasa. Iache ikae pembeni, kwanza tuwahesabu watoto.

Nijulishe.

*

BARUA YA PILI

Shangazi, shikamoo tena. Ulisema nikujulishe yaliyofuata, basi ninaandika, ingawa si yote yamekaa vizuri.

Mume wangu nilimwambia. Alisoma yale majibu uliyonitumia kwanza nyumbani kabla hayajatoka gazetini, akiwa amesimama, akaikunja karatasi, akasema, "Huyo shangazi yako hajawahi kuendesha shule." Nikaenda kwa Mama Viatu peke yangu. Nilimkuta nyumbani kwake anapanga viatu, nikamweleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Aliniachia kiatu kimoja mkononi, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anamwita mwanawe kwa jina lake kamili, halafu kijana yule mrefu akaanza kulia kama mtoto mdogo. Mama alirudi macho mekundu.

"Siku ile nikipimwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Gauni langu nipe lilivyo. Atalimalizia fundi mwingine."

Nikampa. Mpaka leo hajarudi kwangu, na sina la kumlaumu.

Jumamosi mume wangu alikwenda kwenye sherehe, mimi nikabaki. Yeye aliamini nimenuna tu. Mimi na Chiriku tuliazima viti kwa majirani tukavipanga sebuleni, na mchana wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wazazi wa wale watoto, kila mmoja na mtoto wake. Mama Viatu naye akaja, akakaa mbali nami. Chiriku ndiye aliyenitajia wenzake wote, nami niliwaambia wazazi wao tu kwamba Mwalimu ana neno nao. Tukamimina chai, hakuna aliyeinywa.

Mume wangu akaingia amekumbatia kombe, nyuma yake bado zinasikika honi za waliomsindikiza. Alitutazama, akatazama viti, akawatambua wale watoto mmoja baada ya mwingine, na nilimwona akielewa. Kuna baba mmoja fundi bomba, mpole sana, ndiye aliyesema kwanza.

"Mwalimu, hongera. Naomba kuuliza tu. Hiyo asilimia mia, wa kwangu yumo ndani yake?"

Mume wangu alifungua mdomo atoe yale maneno ya ukumbi kujaa. Nilimwona, yalikuwa yamekwisha fika kwenye meno. Chiriku akasema, "Baba, waambie."

Alikaa chini, Shangazi, pale pale sakafuni karibu na mlango, kombe mapajani, akawaambia. Hakuficha. Alisema mstari aliuweka yeye, majina aliyatoa yeye, na uongo wa ukumbi aliutunga yeye. Fundi bomba yule mpole alimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika gazetini. Mama mmoja alitoka na mwanawe bila kuaga. Wengine wakauliza maswali mpaka giza likaingia, na katika kujibu ndipo mume wangu alipopiga hesabu kwa sauti, waliofaulu ni kiasi gani, wangejumlishwa na hawa ingekuwa kiasi gani, kisha akasimama ghafla katikati ya sentensi.

"Tungepita tisini," akasema. "Hata kama wote tisa wangefeli, tungepita tisini." Akarudia, kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. "Sikuwahi kuipiga hesabu hiyo. Niliitaka mia."

Watoto wale waliondolewa bure kabisa.

Jumatatu alikwenda kwa afisa elimu na namba kamili. Kombe limerudishwa, cheo hakuna tena, na kuna onyo kali kwenye jalada lake. Kuhusu maabara wamesema uamuzi utatolewa baadaye, hatujui. Walimu wengine hawamsalimii, wanaona amewaharibia. Mimi na yeye tunaongea, kidogo kidogo, mambo ya maji na mkaa, mengine bado. Kati ya wale tisa, wote wasiofaulu wameruhusiwa kujiandikisha kwa mtihani ujao, na mume wangu alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba safari hii watafundishwa na kuandikishwa pale pale shuleni, wakitaka. Nyumba mbili hazikumfungulia.

Kwa Chiriku aliogopa kuuliza. Nilimwona siku kadhaa anazunguka zunguka mlangoni pake kama mgeni. Mwishowe alibisha hodi, akamwambia kama hataki tena kukanyaga shule ile anaweza kumtafutia kituo chochote anachokitaka, hata mji mwingine, kwa shangazi yake, achague tu.

Nilikuwa jikoni, nikaacha kukoroga ili nisikie.

"Nitafanyia kwako," akamwambia. "Nikifaulu unihesabu, na nikifeli unihesabu."